Kimondo cha Kolang: kati ya dola 14,000 na dola milioni 1.8, bei ya haki ilikuwa ngapi?

Alasiri ya tarehe 1 Agosti 2020, katika wilaya ya Kolang, Sumatra Kaskazini, fundi wa majeneza alikuwa kazini kando ya nyumba yake aliposikia mshindo uliotikisa nyumba nzima. Bati la baraza lilikuwa limetobolewa. Chini ya tundu, ndani ya udongo kiasi cha sentimita 15, lilikuwapo jiwe jeusi ambalo alipolifukua lilikuwa bado na uvuguvugu. Alilipima likawa na kilo 2.1. Siku hiyohiyo akaweka picha na video mtandaoni, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwishaliuza kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi Bali, kwa rupia milioni 200, yaani dola zipatazo 14,000.

Novemba magazeti ya Ulaya na Marekani yakaipata habari hiyo na kuipa bei nyingine kabisa: dola milioni 1.8. Fundi akageuka, kwa wasomaji wa dunia nzima, tajiri aliyeshukiwa na mali kutoka mbinguni. Wiki hiyohiyo ikageuzwa tena, sasa ikawa kwamba ametapeliwa. Yeye mwenyewe alisema kwamba kama hesabu hiyo ni ya kweli basi amepunjwa.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu ninaona wanunuzi na wauzaji wa vimondo wakirudia makosa yaleyale kila jiwe jipya linapoanguka. Wengine wanashikilia ile milioni 1.8 na kudai aliibiwa. Wengine wanasema soko huria ni soko huria, alikubali bei na fedha akapokea. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na ukikaa na hesabu utaona zimekosea kwa kiasi gani.

Tuanze na ile milioni. Vipande vidogo vya kimondo hicho vilitangazwa kuuzwa kwenye eBay kwa zaidi ya dola 850 kwa gramu. Mwandishi wa habari akachukua bei hiyo, akaizidisha kwa gramu 2,100, akapata karibu milioni 1.8. Hilo ni sawa na kukadiria bei ya ng'ombe mzima kwa bei ya mshikaki mmoja, tena mshikaki ambao bado hajatokea mtu wa kuununua. Bei ya tangazo ni ombi la muuzaji. Kipande cha nusu gramu kikiwa na dola 850 kwa gramu, mnunuzi anatoa dola 425 na kuondoka na kumbukumbu ndani ya kijisanduku. Watu wa kununua hivyo wapo, lakini hawafiki elfu nne, na gramu 2,100 zikikatwa nusunusu ni vipande zaidi ya elfu nne. Kabla hata mia hazijauzwa bei itakuwa imeshuka.

Kanuni ya soko hili ndiyo hiyo: kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa, ndivyo bei ya gramu moja inavyopungua. Anayenunua jiwe zima analipia pia kazi ya kulikata, unga unaopotea kwenye msumeno, miaka ya kuuza kidogokidogo, na hatari kwamba kesho jiwe la pili la kilo kumi litaokotwa bonde la jirani. Kwa hiyo anayezidisha bei ya chembe kwa uzito wa jiwe zima anapata namba isiyolipwa na mtu yeyote. Watafiti wa vimondo walilisema hilo wazi habari za milioni zilipoenea, ingawa sauti yao haikufika mbali kama vichwa vya habari.

Sasa tuitazame ile dola 14,000. Ukiigawanya kwa gramu 2,100 unapata dola 6.67 kwa gramu. Je, ni ndogo? Jibu linategemea ni jiwe gani.

Zaidi ya theluthi ya vimondo vinavyoonekana vikianguka ni vya kundi la L, mojawapo ya makundi ya kondraiti za kawaida, yaani vimondo vya mawe vilivyo vya kawaida kabisa. Afrika Mashariki tunavifahamu. Vimondo vilivyoanguka kama mvua Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, vilikuwa vya kundi hilo, jumla yake kama kilo 150; kijiwe kimoja cha gramu chache kilipita kwenye majani ya mgomba na kumgonga mtoto kichwani bila kumdhuru. Kimondo cha Thika, Kenya, cha tarehe 16 Julai 2011, nacho ni cha kundi la L, jumla yake kama kilo 14. Kwa jiwe la aina hiyo, dola sita au saba kwa gramu mlangoni kwa aliyeliokota ni bei ambayo mnunuzi anaweza kuitetea.

Jiwe la Kolang si la aina hiyo. Maabara ililiweka kundi la CM1/2: CM ni kundi mojawapo la kondraiti za kaboni, na namba zinaonyesha jinsi maji yalivyolibadili jiwe. Vimondo vya CM ni kama mbili tu katika kila mia vinavyoonekana vikianguka. Vina madini ya udongo yaliyoundwa na maji mapema sana katika historia ya mfumo wa jua, na vina kaboni za kila namna. Ndani ya Murchison, CM iliyoanguka Australia mwaka 1969, wanasayansi walikuta amino asidi, zile zinazojenga protini, za makumi ya aina. Murchison ilitoa zaidi ya kilo 100 na bado vipande vyake huuzwa kwa bei ya juu kuliko kondraiti za kawaida. Kolang nzima, pamoja na mawe mengine machache yaliyookotwa jirani, ni kilo mbili na nusu hivi.

Utetezi ninaousikia sana ni kwamba mnunuzi aliyefika Kolang hakujua. Maabara ilikuwa bado haijasema lolote, jiwe lingeweza kuwa la kawaida, kwa hiyo alibeba hatari. Hatari ya namna hiyo ni ya kweli na inastahili kupunguza bei. Lakini ipunguze kiasi gani? Aliyezoea vimondo anaweza kuipunguza hatari hiyo sana akiwa palepale barazani, bila maabara.

Kwanza atazame palipomeguka. Kondraiti ya kawaida ndani ni ya kijivu, na chembe za chuma humeta ukiigeuza juani. CM ndani ni nyeusi au ya kijivu cha giza, ina madoa meupe madogo, chuma huioni, na hubanduka kwa ukucha. Picha zilizosambazwa siku ya kwanza zilionyesha jiwe jeusi lililomeguka kirahisi. Fundi mwenyewe alisema kwamba lilivunjika alipolichimbua.

Kisha alipime ujazo. Jiwe la L lina msongamano wa gramu 3.3 au 3.4 kwa sentimita moja ya ujazo, CM ni kama 2.2 au 2.3. Maana yake jiwe la kilo 2.1 la aina ya kawaida hujaza mililita 620 hivi, na la CM hupita 900. Tofauti hiyo mizani ya dukani inaionyesha bila shida. Maji yasiguse jiwe hata kidogo, kwa sababu CM ikilowa huharibika. Lifunge kwa foili safi, liweke ndani ya chombo, mimina ulezi mkavu mpaka ukingoni, sawazisha kwa rula, kisha pima ni ulezi kiasi gani uliokosa nafasi. Maabara hutumia shanga ndogo za kioo kwa mtindo huohuo. Na sumaku, ambayo kila mgeni huitoa mfukoni kwanza, ibaki mfukoni: inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo jiwe limekuja nayo kutoka angani, na ikishafutwa hairudi.

Mwenye uzoefu akiona rangi ile, wepesi ule na kubanduka kule, anajua ameshika nini kwa uhakika wa kutosha. Anayefunga safari ya ndege katikati ya janga la korona, amebeba fedha zote alizoweza kuzikusanya, hajaenda kununua jiwe la kawaida. Mnunuzi naye alieleza baadaye kwamba simu yake ilijaa maombi ya kumtaka aende, na kwamba fundi alijua kubishana bei. Namwamini katika yote mawili. Kubishana bei, hata hivyo, kunahitaji kujua bei zilizopo, na hapo mmoja alikuwa anazijua, mwenzake hazijui.

Kabla ya kukokotoa bei ya haki kuna mambo ambayo mnunuzi wa kimondo kipya hana budi kuyaweka mezani, kwa sababu jiwe lililoanguka wiki iliyopita halipimwi bei kama lile lililokaa jangwani miaka elfu tano.

Upya wenyewe ni mali. Jiwe likiwa angani hupigwa na mionzi, na ndani yake hutengenezwa elementi zenye unururishi wa muda mfupi. Vanadi-48 hupungua nusu kila siku 16, skandi-46 kila siku 84, sodiamu-22 kila miaka 2.6. Maabara ikilipata mapema inasoma jiwe lilikuwa na ukubwa gani kabla ya kupasuka na lilipitia wapi. Ikichelewa, kurasa hizo zimeshafutika. Mvua nayo ni adui. Kimondo cha Aguas Zarcas, CM nyingine iliyoanguka Costa Rica tarehe 23 Aprili 2019, jumla yake kilo 27, kiligawanyika sokoni kuwa bidhaa mbili: mawe yaliyookotwa kabla ya mvua na yaliyonyeshewa. Jina ni moja, bei ni mbili. Jiwe la Kolang lilifukuliwa baada ya dakika chache na likakaa ndani. Kwa kigezo hiki lilistahili bei ya juu kabisa ya kundi lake.

Muda wa soko unapotosha zaidi ya kitu chochote. Wiki za kwanza jiwe ni moja na wanaolitaka ni mamia. Sutter's Mill, kimondo cha kaboni, ilipoanguka California tarehe 22 Aprili 2012, vijiwe vya gramu chache viliombewa hadi dola 1,000 kwa gramu, na kwa bahati ya walionunua, jumla yake haikufika kilo moja, kwa hiyo uhaba ulibaki. Chelyabinsk, kimondo cha kawaida kilichoanguka Urusi tarehe 15 Februari 2013, ilikwenda kinyume: waliokimbilia chembe za mwanzo kwa bei ya shauku waliona mawe yakiendelea kupatikana kwa mamia ya kilo, na Oktoba likatolewa ziwani Chebarkul bonge la zaidi ya nusu tani. Ushauri wangu kwa mkusanyaji asiyeuza ni mmoja. Kama jiwe ni la kawaida, subiri miezi sita. Kama ni la kaboni, la Mwezi au la Mirihi, na jumla iliyopatikana ni ndogo, usitegemee kushuka. Tissint, kimondo cha Mirihi kilichoanguka Morocco Julai 2011, kiliuzwa kwa mamia ya dola kwa gramu miezi michache baadaye na hakijapata kuwa rahisi.

Halafu kuna kile jiwe lilichogonga. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa jiwe lililopiga gari, paa au ukuta, na mara nyingine hulipia kilichopigwa kuliko jiwe. Februari 2022 kampuni ya mnada ya Christie's ilipiga mnada banda la mbwa lililotobolewa na kipande cha Aguas Zarcas: banda lilikwenda kwa dola 44,100, na jiwe lenyewe dola 21,420. Mbao chakavu na bati lenye kutu zikalizidi jiwe mara mbili. Fundi wa Kolang alikuwa na bati lililotobolewa na kilo mbili za CM. Mnunuzi mwaminifu anapaswa kumwambia mwenye nyumba: hilo bati usiliezeke tena, usilitupe, usilipake rangi, liandikwe kwenye makubaliano na lilipiwe kivyake.

Sasa hesabu. Namba hizi ni makadirio yangu, na nitazionyesha zote ili anayepinga ajue pa kupingia.

Bei ya rejareja ya CM mpya isiyonyeshewa, ambayo jumla yake ni kilo mbili na nusu, naiweka dola 100 kwa gramu. Wapo watakaosema ni ndogo. Mimi nazungumzia bei iliyolipwa kwa vipande vya ukubwa wa wastani, tangazo siliangalii. Jiwe zima likiuzwa kwa mkupuo kwa mkusanyaji mkubwa au makumbusho, tegemea kama theluthi mpaka nusu ya rejareja, yaani dola 30 mpaka 50. Kwa gramu 2,100 hiyo ni dola 63,000 mpaka 105,000. Hapo ndipo bei halisi ya jiwe la Kolang ilipokaa, kwa maoni yangu, siku lilipokuwa tayari na jina la maabara na njia halali ya kulifikisha kwa mnunuzi wa mwisho. Ni mbali sana na milioni 1.8. Ni mbali pia na 14,000.

Kati ya baraza na siku hiyo kuna gharama na hatari: nauli, uwezekano wa maabara kusema vingine, vibali, gramu za sampuli, fedha kulala miezi. Kwa jiwe ambalo macho na mizani vimeshasema ni la kaboni, nusu ya ile bei ya chini ya mkupuo, dola 63,000, inatosha kumlinda mnunuzi. Hiyo ni kama dola 30,000, zaidi kidogo ya dola 14 kwa gramu. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba fundi alilipwa chini ya nusu ya bei ambayo mnunuzi angeweza kuitoa palepale na bado akapata faida nzuri. Hakuibiwa utajiri wa vizazi. Alipunjwa fedha za nyumba ya pili, au za lile kanisa ambalo alisema angependa kusaidia kulijenga.

Bei moja ya mkupuo, hata ikiwa ya haki, haikufaa kwa kisa hiki, kwa sababu kitu kikubwa kisichojulikana kilikuwa kinakwenda kujulikana ndani ya miezi michache. Makubaliano yaliyofaa yana sehemu mbili: fedha taslimu siku hiyo, ambazo muuzaji hazirudishi hata jiwe likiwa la kawaida, na nyongeza iliyoandikwa, inayolipwa baada ya maabara kutamka kundi, au asilimia ya bei ya kuuza tena. Wanunuzi wengi wanalikataa hilo wakisema ni usumbufu. Ukweli ni kwamba linamlinda mnunuzi vilevile: analipa kidogo kwa asichokijua na zaidi kwa alichothibitishiwa. Na linaondoa yale yaliyotokea Novemba, mtu kufungua simu na kusoma kwamba jiwe lake lina bei ambayo hakuwahi kuambiwa.

Karatasi hiyo iwe na uzito wa jiwe uliopimwa mbele ya mashahidi, kwa mizani inayosoma gramu, pamoja na uzito wa makombo, maana makombo ya CM ni fedha na huwa yanafagiliwa. Iwe na mahali jiwe lilipoangukia, siku na saa, kwa sababu bila hayo halipati jina. Itamke sampuli itatoka kwa nani: ili jina lisajiliwe, Jumuiya ya Vimondo ya kimataifa inataka gramu 20 au asilimia 20 ya jumla, ile iliyo ndogo, ihifadhiwe kwenye taasisi. Kwa dola 100 kwa gramu hiyo ni dola 2,000 zinazotoka mfukoni mwa mtu, na haifai ziwe za muuzaji pekee. Na muuzaji abaki na kipande chenye ganda jeusi, cha gramu hamsini kwa mfano, kilichoandikwa kuwa si sehemu ya mauzo. Kipande hicho ndicho kitakachompa nguvu ya kuongea na mnunuzi wa pili, baada ya jina kutoka.

Jambo la sheria linatangulia yote haya. Afrika Kusini inavihesabu vimondo kuwa urithi wa taifa, na havitoki bila kibali. Argentina ina sheria yake tangu 2007. Denmark inamtaka aliyeokota akikabidhi kwa makumbusho ya historia ya asili, lakini inamlipa fidia, na ninaona ndio utaratibu ulio mzuri kuliko yote, kwa sababu mwenye bahati hapotezi na sayansi haikosi. Tanzania ina Kimondo cha Mbozi, tani kadhaa za chuma ambazo hazina bei kwa sababu haziuzwi. Mnunuzi anayeweka fedha mezani kabla ya kuuliza ofisi inayohusika katika nchi aliyopo amemhamishia mwenye nyumba kosa ambalo hakulijua, na jiwe lisilo na hati ya kutoka hukataliwa na makumbusho yoyote yenye heshima, hata likiwa la Mirihi.

Jiwe kubwa la Kolang baadaye lilinunuliwa na mkusanyaji mwingine wa Marekani na likahifadhiwa kwenye kituo cha vimondo cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ndani ya naitrojeni, hewa yenye unyevu isiliguse. Kwa jiwe ni makao bora, na anayenunua CM leo aandae gharama hiyo kabla ya kutoa bei: chombo kinachofungwa, gesi kavu, glavu, na mtu wa kuvikagua. Mwenye kabati la kioo sebuleni na hali ya hewa ya pwani anunue Thika au Mbale, ambazo zinavumilia, na aiache CM kwa mwenye uwezo wa kuitunza.